Prosesa ya sauti inakuangusha jukwaani? Dalili, visababishi, na ipi ununue

Malalamiko hayabadiliki, iwe ni baa za Kabalagala, sherehe ya kwanjula (utambulisho wa wachumba) Masaka au hoteli ya Arua: nyumbani mashine ilikuwa inalia vizuri, ukumbini imenitia aibu. Anayelalamika huwa ni msanii wa peke yake. Ana gitaa, au kinanda, au laptopu ya plebeki (muziki uliorekodiwa tayari), na miguuni kuna prosesa ya sauti inayompa mwangwi, sauti za kuitikia na kumnyooshea tuni. Mwimbaji wa bendi akikosea, ngoma na besi humfunika. Huyu hana wa kumfunika.

Kasoro nimezipanga kwa dalili zake, na ndani ya kila dalili kinachotokea mara nyingi ndicho kinachotangulia. Soma pia kwa jicho la mnunuzi. Kasoro inayokurudia kila wikendi inakuonyesha mashine ya kununua, au kwamba huna haja ya kununua, kuliko sanduku lililoandikwa "efekti 100".

Kwanza, ichomoe mashine

Kabla ya kugusa kitufe chochote, itoe prosesa njiani: maiki moja kwa moja hadi kwenye miksa, kisha imba kidogo. Kasoro ikibaki, mashine haina hatia. Tafuta kwenye maiki, kebo, miksa au spika. Kubonyeza kitufe cha kuzima efekti hakutoshi, kwa sababu sauti bado inapitia kikuzaji cha ndani ya mashine, na waya zake bado zimeungana na za miksa. Ichomoe kabisa. Kesi nyingi huishia hapa hapa, na kebo ya XLR (ile ya maiki yenye pini tatu) iliyokatika ndani karibu na plagi ndiyo mkosaji wa kawaida.

Inawaka, lakini hakuna sauti

Angalia swichi ya maiki yenyewe, kisha uone kama mashine imeingia kwenye hali ya kupima tuni. Prosesa nyingi hunyamaza makusudi zikiwa katika hali hiyo, na mtu huingia humo kwa kukanyaga pedali mbili kwa pamoja bila kujua. Baada ya hapo jaribu kebo nyingine. Maiki ya kondensa haitoi sauti bila umeme wa fantomu, volti 48, na swichi yake huwa nyuma ya mashine au ndani ya menyu. Maiki za dainamiki kama Shure SM58, iliyoko sokoni tangu 1966, hazihitaji umeme huo.

Jambo jingine: geti. Ni sehemu inayofunga sauti ndogo ili kelele za jukwaani zisipite. Ikikazwa sana, inameza maneno ya mwanzo wa mstari na yale unayoyaimba kwa upole. Ukisikia silabi ya kwanza inakatwa, legeza geti kabla ya kulaumu maiki.

Inazima au inajiwasha upya katikati ya wimbo

Hapa ndipo pesa nyingi huungua, kwa hiyo tusiharakishe.

Kisababishi cha kwanza ni adapta isiyo yake. Ya asili imepotea, mtu amechukua nyingine inayoingia kwenye tundu, na mashine imewaka. Kuwaka si ushahidi kwamba adapta inafaa. Soma mambo manne yaliyoandikwa kwenye adapta na chini ya mashine. Volti lazima zilingane kabisa: pedali za Boss kwa kawaida hutumia volti 9, na TC-Helicon kadhaa, kama VoiceLive 3, hutumia volti 12. Miliampea za adapta ziwe sawa na zile mashine inazotaka au zaidi. Zikiwa pungufu, mashine itawaka vizuri kisha ijizime pale unapowasha sauti za kuitikia na mwangwi kwa pamoja. Aina ya umeme unaotoka, DC au AC, nayo ilingane. La nne ni mchoro mdogo wa duara unaoonyesha kama chanya iko katikati ya plagi au nje. Boss huweka hasi katikati, na kampuni nyingine kadhaa hufanya kinyume. Adapta iliyogeuzwa inaweza kuua mashine mara tu unapoichomeka.

Kisha kuna mashine zilizotoka nje mitumba. Umeme wetu wa Uganda ni volti 240. Adapta ya Marekani inaweza kuwa imeandikwa 120V peke yake, na ya Japani 100V. Hiyo usiichomeke kwa kibadilisha plagi cha shilingi chache, maana kibadilisha plagi hubadilisha umbo la miguu tu, umeme unabaki ule ule. Adapta iliyoandikwa 100–240V haina shida.

Baada ya adapta, jenereta. Kwenye sherehe za uani, jenereta moja hubeba spika, taa, friji ya soda na mashine ya bisi. Friji ikianza kuvuta, umeme unadidimia, na prosesa ambayo ni kompyuta ndogo inajiwasha upya. Omba waya wa sauti utoke kwenye jenereta peke yake, usipite kwa mpishi. Ukiweza, weka UPS ndogo ya ofisini kati ya soketi na vifaa vyako. Inverta za bei rahisi nazo, zile zisizotoa wimbi laini, huleta mngurumo na kuchosha adapta.

Kama umeme ndio ugonjwa wako wa kila wiki, basi nunua mashine inayotumia betri. Boss VE-20 huchukua betri sita za AA na Zoom V3 huchukua nne. Betri haidumu saa nyingi, lakini wimbo hautakatika umeme ukienda, na mngurumo wa jenereta hauingii kupitia adapta. Nyingi za mashine kubwa zenye gitaa na sauti pamoja hazina betri kabisa. Uliza kabla ya kulipa.

Simama na umpelekee fundi elektroniki ikiwa: adapta ina joto lisiloshikika, kuna harufu ya kuungua, mashine ilinyeshewa, au iliunganishwa na volti kubwa na sasa haiwaki. Usiichomeke mara ya pili "kuona kama imepona". Pengine iliyoungua ni diodi moja ya ulinzi, na jaribio la pili ndilo linalomaliza zilizobaki.

Kuna mngurumo, au unapigwa shoti mdomoni

Mambo haya mawili ni ndugu, ila moja linaudhi na jingine linaua.

Mngurumo mzito usiobadilika, hata ukinyamaza, ni wa umeme wa hertzi 50 au mara mbili yake. Mara nyingi vifaa vyako viko kwenye soketi tofauti: kinanda ukuta huu, laptopu ukuta ule, miksa mwisho wa ukumbi. Vyote vyako viweke kwenye ekstensheni moja, na ikiwezekana itoke pale pale miksa inapopata umeme. Pili, chomoa chaja ya laptopu. Mlio ukikoma, umeshaupata mchawi, na dawa yake ni kisanduku cha DI (kiunganishi kinachofaa sauti ya ala kwa miksa) kati ya laptopu na miksa. Tatu, angalia kebo inayotoka kwenye prosesa. XLR huzuia mngurumo kuliko jeki ya kawaida ya gitaa, hasa kebo ikiwa ndefu. Baadhi ya prosesa na DI zina swichi ya kutenganisha ardhi. Itumie, kwa sababu inatenganisha ardhi ya waya wa sauti peke yake na haigusi ulinzi wako wa umeme.

Mlio wa "ti-ti-ti, ti-ti-ti" ni simu yako uliyoiweka juu ya mashine ili usome maneno ya wimbo. Isogeze.

Sasa shoti. Ukishika nyuzi za gitaa, midomo ikagusa maiki na ukahisi mchomo, hata mdogo, acha hapo hapo. Usivae sponji kwenye maiki ukaendelea, na usikubali ushauri wa kukata mguu wa ardhi kwenye plagi. Mguu huo mrefu wa juu ndio unaokulinda. Mchomo unasema ardhi ya jengo au ya jenereta haipo, au kuna kifaa kinachovujisha umeme, na jukwaa la nyasi mbichi baada ya mvua hulifanya jambo liwe baya zaidi. Aitwe fundi umeme mwenye kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA. Mwenye sherehe akikasirika, akasirike.

Spika zinapiga mluzi

Hii ndiyo dalili inayoripotiwa kuliko zote, na ndiyo inayowafanya watu wauze mashine nzima.

Anza na mahali pa monita. Maiki ya kadioidi (inayosikia zaidi kwa mbele) kama SM58 haisikii vizuri kinachotoka nyuma yake moja kwa moja, kwa hiyo monita ikae mbele yako ikitazama mkia wa maiki. Beta 58A ni ya aina nyingine. Hiyo husikia kidogo kwa nyuma, na sehemu zake za uziwi ziko pembeni nyuma, kushoto na kulia. Msanii akibadilisha maiki bila kusogeza monita, analeta mluzi ambao jana haukuwepo. Spika kubwa nazo ziwe mbele yako, kamwe zisiwe nyuma yako. Katika baa ndogo hili ni gumu, kwa sababu mwenye baa amezipigilia ukutani; basi sogea wewe.

Pili, mkono. Ukifunika kichwa cha maiki kwa kiganja kama wanavyofanya marapa, unaziba matundu yanayoipa uziwi wa nyuma, na inaanza kusikia pande zote.

Tatu ndipo tunafika kwenye prosesa, na mkosaji mkubwa humo ni kompresa. Kompresa hushusha sauti kubwa kisha huinua jumla yote. Unapokuwa kimya, kila desibeli iliyoongezwa ni desibeli moja uliyopoteza kabla ya mluzi. Mipangilio ya kiwandani imetengenezwa ivutie mtu mwenye hedifoni dukani, kwa hiyo kompresa huwa imekazwa, mwangwi umejaa, na sauti ni mbili mbili. Chukua mpangilio mmoja unaoupenda, shusha kompresa na mwangwi hadi nusu, uuhifadhi kwa jina jingine. Huo ndio wa jukwaani.

Mluzi ukibaki, sikiliza ni wa aina gani. Ukiunguruma "uuu" mzito, punguza kati ya hertzi 200 na 500 kwenye ikwalaiza. Ukiwa na gitaa la akustika, huenda ni tumbo la gitaa linaloitikia spika, na kizibo cha mpira kwenye tundu lake humaliza kazi. Ukiwa mkali wa kuchoma masikio, ni wa hertzi 2,000 hadi 5,000; punguza hapo kidogo kidogo, ukizidisha maneno yatafifia.

Kuna prosesa zinazotangaza kwamba huzuia mluzi zenyewe. Husaidia, lakini hufanya hivyo kwa kuchimba vishimo kwenye sauti yako. Ukiona unazitegemea, monita yako imekaa vibaya.

Sauti inachanika, au inatoka kwa mbali

Karibu kila mara ni viwango havijapangwa kwa mpangilio wa safari ya sauti. Anza na geini (kiwango cha kukuza sauti) ya kuingilia kwenye prosesa: imba sehemu yako ya juu kabisa, si kusema "tsek, tsek", na taa ikae kijani, iguse njano mara moja moja, isifike nyekundu. Kisha ndipo uende kwenye miksa.

Prosesa nyingi hutoa sauti ya kiwango cha laini, kubwa mara nyingi kuliko ya maiki. Fundi mitambo anaona XLR, anaichomeka pale maiki zinapoingia, na sauti inachanika hata geini ikiwa sifuri. Mwombe abonyeze kitufe cha PAD (kinachopunguza sauti inayoingia), au tumia tundu la laini, au badilisha kwenye menyu ya prosesa itoe kiwango cha maiki kama ina chaguo hilo. Na mwambie azime volti 48 kwenye chaneli yako. Umeme huo unakuja kinyume kupitia tundu la kutolea, na si kila mashine inaupenda.

Unaponunua, swichi ya kuchagua kati ya maiki na laini ina thamani kuliko efekti ishirini za ziada. Kila wiki uko kwenye miksa ya mtu mwingine.

Sauti za kuitikia ziko nje ya tuni

Mashine inayokuitikia lazima ijue uko kwenye kii gani, yaani wimbo umejengwa juu ya noti ipi. Ina njia mbili: uiambie, au isikilize ala yako. Hitilafu nyingi zinatokana na kutojua yako inatumia ipi.

Boss VE-20 ina tundu la maiki tu. Haisikii gitaa lako hata likiwa pembeni; kii unaiweka kwa mkono, wimbo kwa wimbo. Watu huisahau kwenye C, wanaimba kwenye F, kisha wanasema mashine ni bandia. Ukibana kapo (kibanio cha shingo ya gitaa) kwenye freti ya 2 na kupiga umbo la G, kii yako ni A. Ukilegeza gitaa nusu toni ili sauti ipumue, umbo la G limekuwa F#. Hesabu hizo zifanye mezani, zihifadhi pamoja na jina la wimbo, maana jukwaani hutahesabu.

Zile zinazosikiliza gitaa, kama Boss VE-8, VoiceLive 3 au Harmony Singer 2, ziko huru zaidi, ila zina masharti. Gitaa lichomekwe kwenye prosesa kwanza, ndipo liende kwenye miksa. Liwe limepimwa kwa A ya hertzi 440. Likiwa limeshuka lote kwa usawa, wewe utalizoea, mashine haitalizoea. Na mashine inajua kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) pale tu unapoipiga. Mwimbaji wa kadongo kamu (mtindo wa Buganda wa mwimbaji na gitaa lake) anayependa kuingia na neno kabla ya mkono kushuka kwenye nyuzi anaitikiwa kwa kodi iliyopita: neno moja la kwanza linapinda, mengine yananyooka. Hakuna kitufe cha kurekebisha hilo. Piga kodi nusu sekunde mapema, au acha neno hilo bila kuitikiwa.

Mpiga kinanda haimsaidii jeki ya gitaa iliyokaa tupu; atafute mashine yenye MIDI (njia ya kinanda kuiambia mashine noti zinazopigwa). Hapo kuna mtego wa kitufe cha kuhamisha kii, ambacho wapiga kinanda wetu wa kanisani na baa wanakipenda kuliko chumvi. Kwenye vinanda vingine uhamisho huo unatoka pia kwa MIDI, vingine hautoki. Jaribu nyumbani: hamisha toni mbili, piga kodi, imba. Zikigombana, hamishia kii kwenye prosesa pia. Mtu wa plebeki atafute mashine inayosikiliza muziki kupitia tundu la ziada. VoiceLive Play hufanya hivyo.

Ukiwa na hakika na kii na bado ni vurugu, maiki inasikia kelele: spika iko karibu, au unaimba na maiki kifuani. Isogeze hadi vidole viwili au vitatu kutoka mdomoni.

Halafu kuna jambo ambalo vijitabu vya maelekezo havilitaji, kwa sababu havikuandikwa vikifikiria Uganda. Amadinda, ile marimba ya Buganda, na ala zinazofuata tuni yake, hugawa oktava sehemu tano zinazokaribia kulingana, kila moja karibu senti 240 (senti hapa ni kipimo cha tuni, 1,200 kwa oktava). Prosesa inajua ngazi za piano peke yake, senti 100 kila hatua. Kwa hiyo noti yako ya 240 inavutwa hadi 200, ya 480 inapandishwa hadi 500, ya 720 inashushwa hadi 700, na ya 960 inapelekwa 1,000. Ni senti 20 hadi 40 za kosa kwenye noti ulizoziimba sawasawa na ala yako. Msikilizaji atahisi kuna kitu kinachokwaruza. Ukiimba na amadinda, au ala za nyuzi kama endongo au endingidi zilizotuniwa kienyeji, zima kusahihisha tuni na zima sauti za kuitikia. Tumia kudabo sauti (kuifanya isikike mbili) na oktava. Hizo hunakili unachoimba bila kuhitaji kii. Adungu (vinubi) nyingi za siku hizi hutuniwa kwa ngazi ya do-re-mi, na hizo zinaelewana na mashine. Ipime yako kwa programu ya tuna kwenye simu ndipo uamue.

Unasikika kama roboti bila kutaka

Kusahihisha tuni kumekazwa. Athari hiyo ilitoka na programu ya Auto-Tune mwaka 1997, na wapo wanaoitaka. Usipoitaka, shusha kiasi na kasi yake hadi usipoisikia, kisha ongeza kidogo. Sababu ya pili ni kii isiyo sahihi: mashine inavuta kwenye noti isiyo ya wimbo wako, na mitelezo ya sauti, yale madoido ya kupanda na kushuka yanayopendwa kwenye nyimbo za mapenzi, inakatwa vipande kama ngazi. Kusahihisha kwa noti zote 12 kuna usalama zaidi kwa nyimbo za mitelezo, ingawa kunasaidia kidogo tu. Na ikiwa kila noti inahitaji kuvutwa, monita yako haisikiki. Tatizo ni masikio, si koo.

Sauti kama imo ndani ya pipa

Sauti yako inafika miksani kwa njia mbili: mbichi, na nyingine imepitia prosesa. Mashine za dijitali huchelewesha kwa milisekunde chache, na nakala mbili zilizopishana hivyo hulana. Funga njia moja. Ukisikia kuchelewa ukiwa na hedifoni tu, jumlisha: maiki ya dijitali isiyo na waya, prosesa, miksa ya dijitali, kila mmoja anachukua chake. Kwa kipimo, sauti hewani husafiri mita moja kwa karibu milisekunde 3, kwa hiyo anayesimama mita mbili kutoka kwenye monita amekwisha kuzoea 6.

Maneno hayasikiki, mwangwi umejaa

Hapa fundi mitambo ameongeza mwangwi wake juu ya wako. Mwambie mapema: "Mkubwa, chaneli yangu iache tambarare, mwangwi ninao mwenyewe." Sababu ya pili ni ukumbi. Paa la mabati, sakafu ya vigae na vioo tayari vinatoa mwangwi wa bure. Humo punguza hadi karibu na sifuri. Chini ya hema uani hakuna kinachorudisha sauti, ongeza. Ukitaka marudio yafuate mdundo, gawa 60,000 kwa mapigo ya dakika: wimbo wa mapigo 100 unataka milisekunde 600, au 300 kwa nusu pigo. Pedali ya kugonga mdundo inakuondolea hesabu.

Ukibadilisha mpangilio, sauti inaruka

Uliitengeneza kwa hedifoni. Rudia kwa spika, kwa sauti ya jukwaani, ukipita mpangilio mmoja baada ya mwingine, na ulinganishe kwa sikio. Panga namba zifuate orodha ya nyimbo.

Kabla ya kulipa

Ikiwa unachotaka ni mwangwi tu, miksa nyingi unazozikuta ukumbini tayari zina efekti. Kaa na pesa yako. Ukitaka mwangwi unaoutawala mwenyewe na msaada mdogo wa tuni, kitu kidogo kama Mic Mechanic ya TC-Helicon kinatosha. Anayepiga gitaa na kutaka kuitikiwa asinunue isiyo na tundu la gitaa, hata akipunguziwa bei. Roland VT-4 inapendeza, ila ni ya mezani, ya kuendeshwa kwa vidole, na mikono yako imeshika gitaa.

Nenda dukani na maiki yako, kebo yako na ala yako. Omba adapta ya asili na usome volti zake hapo hapo. Irudishe mashine kwenye hali ya kiwandani, kwa sababu ya mitumba huja na mipangilio ya mwenyewe wa zamani inayoficha mengi. Kanyaga kila pedali mara kumi kumi. Chomeka XLR kisha uitikise taratibu: ikikwaruza, tundu limelegea kwenye bodi, na hilo ni la fundi wa kuchomea, bei yake itoke kwenye bei ya mashine. Nyamaza, pandisha sauti ya kutoka hadi mwisho, usikilize mvumo. Kisha mwombe muuzaji aiache ikiwaka kwa dakika ishirini huku mkizungumzia bei. Zinazojizima kwa joto mara nyingi hujizima ndani ya muda huo.